Ukoga wa meno: jikague nyumbani, ujue unachokiona

Mara ya kwanza kujipima ukoga kwa rangi, nilienda harusini na midomo myekundu. Ilikuwa Ijumaa baada ya alasiri, nyumbani Majengo, Mombasa, na nikaha ya binamu yangu ilikuwa baada ya magharibi. Nilikoroga rangi ya chakula kwenye glasi, nikasukutua, nikatema, kisha nikajikenulia kwenye kioo. Meno niliyokuwa nikiyaringia yalikuwa mekundu mstari mzima wa fizi, kama ya mtoto aliyemaliza kipakiti cha mabuyu. Midomo nayo ilikolea. Nikaisugua kwa sabuni, kwa mafuta, wapi! Shangazi yangu aliniangalia mara moja tu akauliza, "Mwanangu, umeanza lini kula tambuu?"

Aibu ilipita. Kilichonikaa kichwani ni nyuma ya meno yangu ya chini, upande wa kulia, ambako rangi ilikuwa imekolea kama damu ya mzee, na mswaki nilikuwa nimeuweka chini dakika kumi tu zilizopita. Tangu siku hiyo siuamini weupe wa meno. Nimeona meno meupe yaliyojaa ukoga, na nimeona meno ya wazee wa kahawa, yenye madoa kama birika la zamani, ambayo ukipitisha kijiti hakitoki kitu.

Kabla ya kuanza tuelewane jambo moja. Ukoga si mabaki ya chakula. Ni utando wa bakteria wanaojishikilia kwenye jino. Dakika chache tu baada ya kupiga mswaki, protini za mate hulivika jino ngozi nyembamba isiyoonekana. Bakteria hutua juu yake, huzaana, na ndani ya saa kadhaa huwa wamejenga mji. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alikwangua utando wa meno yake akautia chini ya lenzi, na mwaka 1683 akawaandikia wanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, kwamba ameona vijidudu hai vikirukaruka humo. Ukila sukari nao hula, kisha hutoa asidi inayolainisha jino. Ukiuacha ukoga siku kadhaa, madini ya mate huuingia ukawa mgumu kama chokaa. Huo mgumu wengine huuita ugaga, na nitauita hivyo ili tusichanganye: ukoga unautoa mwenyewe, ugaga huutoi.

Vifaa

Kioo, tochi ya simu, kijiko cha chuma kinachong'aa, vijiti vya meno na tishu. Mgongo wa kijiko unavuta shavu pembeni. Ukikigeuza ndani ya mdomo na kumulika, unakuwa na kioo kidogo cha kuonea nyuma ya meno. Kipashe maji ya uvuguvugu kwanza, la sivyo kitaota ukungu wa pumzi yako.

Rangi ziko za namna mbili. Kuna tembe maalumu za kuonyesha ukoga, ambazo huuzwa kwenye maduka makubwa ya dawa au kwa daktari wa meno. Unaitafuna moja, unaizungusha mate, unatema. Nyingine zina rangi mbili kwa pamoja: ukoga wa leo huwa waridi, ukoga wa siku nyingi huwa buluu au zambarau. Hizo zikipatikana ndizo bora. Usipozipata, rangi nyekundu ya chakula inatosha. Ukienda kwa wauza viungo wa Marikiti, sema wazi unataka nyekundu, maana ukitaja "rangi ya biriani" utafungiwa ya manjano, na hiyo kwenye jino hutaiona hata ukimulikwa na mnara wa taa. Aliyewahi kuwashwa au kuvimba kwa rangi za vyakula asijaribu.

Pakaa midomo mafuta ya mgando, na uyapakae kwa wingi. (Mimi sikupakaa, na kisa mnakijua.) Changanya matone matatu au manne, au unga wa kujaa ncha ya kijiti, kwenye vijiko viwili vya maji. Sukutua nusu dakika, ukipitisha kila pembe, tema, kisha sukutua maji matupu mara moja tu. Vaa fulana ya kazi. Na uwe na maji ndooni kabla hujaanza, kwa sababu mfereji wa Mombasa una siku zake, na rangi ikikaukia kwenye sinki utaulizwa na wenye nyumba.

Ulimi unahisi ukwaru, lakini jicho halioni kitu

Hii ndiyo dalili ya kawaida kabisa, na sababu yake ni kwamba ukoga mchanga una rangi ya jino lenyewe. Ulimi ni mjuzi kuliko jicho hapa. Upitishe nyuma ya meno ya mbele ya chini, kisha pembeni mwa magego ya juu upande wa shavu. Jino safi huteleza kama sahani ya kauri iliyotoka kuoshwa. Lenye ukoga lina kijisufi.

Ukihisi ukwaru, kausha jino kwa tishu, kisha chukua kijiti na ukikokote pole pole sambamba na ufizi, usikidunge ndani. Kikitoka na kitu cheupe au cha manjano, laini kama uji ulioganda, huo ni ukoga. Kikikwaruza kitu kigumu chenye kingo na kisitoke na lolote, huo ni ugaga, ruka mpaka kwenye sehemu yake. Kikitoka kikavu na jino likaendelea kuwa na kijishimo kinachonasa ncha, acha kuchokoa. Huenda ni jino linaloanza kutoboka.

Rangi imejipanga mstari kando ya fizi

Unapiga mswaki katikati ya jino, mahali ambapo tayari ni pasafi. Karibu sote tunafanya hivyo, kwa sababu hapo ndipo panapoonekana ukitabasamu.

Elekeza brashi kwenye mpaka wa jino na ufizi, ilale kwa mshazari, nusu juu ya jino na nusu ikigusa ufizi, kisha uitikise kwa miondoko mifupi. Si kufagia kwa nguvu kama unayesugua sufuria ya wali. Chagua mswaki laini. Mgumu unakwangua fizi mpaka zinapanda juu na mizizi kuachwa wazi. Ukiona nywele za mswaki zimetanuka kama ufagio wa zamani kabla ya miezi mitatu kwisha, unakandamiza mno. Dakika mbili, mara mbili kwa siku, na ya usiku ndiyo usiyoikosa, kwa sababu ukilala mate hupungua na bakteria hubaki na uwanja wao.

Wanaotumia mswaki wa mti, ule wanaouza nje ya misikiti yetu baada ya swala, rangi huwaonyesha jambo lao peke yao. Mbele kunang'aa, nyuma kumekolea. Mti wenyewe hauna kosa, ukitumika vizuri unatoa ukoga sawasawa. Tatizo ni kwamba ncha yake imeelekea mbele, na nyuma ya magego haifiki mpaka uuinamishe kwa makusudi. Kata ncha iliyochakaa kila siku, utafune mpya, na uanze na nyuma ndipo uje mbele.

Rangi imebaki katikati ya jino na jino

Hakuna mswaki unaofika huko, hata uwe wa bei gani. Dawa yake ni uzi wa meno, mara moja kwa siku. Uupitishe kwa kuukereza, uukumbatishe jino moja, uupandishe na kuushusha, kisha jino la pili. Ukiuchomeka ghafla utakata ufizi, halafu utaulaumu uzi. Kijiti hutoa uzi wa nyama uliokwama, lakini ukoga wa ubavuni mwa jino hakiufikii vizuri.

Upande mmoja umekolea, wa pili safi

Sababu ziko mbili na ni muhimu kujua yako ni ipi. Ya kwanza ni mkono. Mtu wa mkono wa kulia aghalabu hukosa upande wake wa kulia, hasa pale kona inapopinda kwenye meno ya chonge, ambapo inabidi kiwiko kigeuke. Huko ndiko kulikokuwa kwangu.

Sababu ya pili ni maumivu. Ukiwa na gego linalouma, unatafunia upande mwingine, na mswaki nao unaukwepa upande unaouma bila wewe kujua. Shangazi yule yule wa tambuu, nilipomshawishi naye ajipime, alikuwa mwekundu kushoto kote, mpaka juu ya magego, mahali ambapo chakula chenyewe huwa kinapangusa. Nikamuuliza, "Shangazi, huku kunauma?" Akasema hakuumi, ila "husumbua kidogo ukinywa baridi." Jino lilikuwa limetoboka kwa chini. Kwa hiyo ukiona juu ya magego ya upande mmoja kumejaa rangi, usitafute kasoro kwenye mswaki, tafuta jino.

Rangi haikushika popote

Usifurahi haraka. Pengine umeikoroga nyepesi mno, au umesukutua maji mara tano, au umenunua ya manjano. Au umejipima mara tu baada ya mswaki wa nguvu, na hapo kweli patakuwa pasafi. Mimi nashauri vipimo viwili kwa siku tofauti: kimoja usiku kabla ya mswaki, uone siku nzima imekuachia nini, kingine baada ya mswaki, uone mkono wako unaacha wapi. Cha pili ndicho kinachofundisha.

Rangi imeshika kila kitu

Ulimi na fizi zitashika, ndiyo kawaida yake, na ulimi unaweza kubaki mwekundu mpaka kesho. Meno yaliyozibwa, nyufa na kingo za meno ya bandia nazo hunasa rangi hata kama hazina ukoga. Kipimo ni mswaki: piga pale pale palipokolea. Ikitoka kwa misuguo michache, ulikuwa ukoga. Isipotoka na jino linateleza, ni rangi tu imejificha kwenye ufa.

Kuna doa lisilotoka

Hapa ndipo watu wa pwani tunapopoteza muda na fedha, kwa kuwa tunalipiga vita doa tukidhani ni ukoga. Doa ni rangi iliyoingia kwenye jino au kwenye ngozi yake ya mate. Kijiti hakitoi kitu, ulimi unateleza, lakini kioo kinaonyesha kahawia.

Liangalie lilivyo. Kahawia ya kutandaa, nzito zaidi nyuma ya meno ya mbele, ni kahawa chungu, chai ya rangi au sigara. Mtu anayekaa na wazee wa kahawa kila magharibi, dele likizunguka, atakuwa nayo tu. Wekundu wa kahawia uliopenya mpaka kwenye mifereji ya magego ni tambuu. Kijani cha kufifia au kahawia ya upande mmoja, ule anaowekea mzigo shavuni, ni miraa na muguka. Na hawa mara nyingi wana ukoga kweli chini ya doa, kwa sababu huitafuna pamoja na soda na peremende.

Mawingu meupe, au madoa ya kahawia yenye vijishimo, kwenye meno ya pande zote mbili kwa mfanano, yaliyokuwapo tangu meno yalipoota, huenda ni floraidi nyingi kwenye maji ya utotoni. Jirani zetu waliokulia Nakuru na sehemu nyingine za Bonde la Ufa wanayo, na wengi wamechekwa kwa uchafu ambao si wao. Hayo hayatoki kwa mswaki. Mistari ya kijivu iliyokata meno kama pete huweza kutokana na tetrasaiklini, dawa aliyopewa mtoto kabla ya miaka minane au mamake alipokuwa mjamzito. Na kama umekuwa ukisukutua kwa dawa ya klorheksidini wiki kadhaa, kahawia imetoka humo humo kwenye chupa. Muulize aliyekuandikia kama ni wakati wa kuiacha.

Usisugue makaa. Usisugue mchanga wa pwani, majivu wala magadi. Zaidi ya yote, usipake ndimu. Doa litafifia, ni kweli, kwa sababu asidi imelila tabaka la juu la jino, na tabaka hilo halioti tena. Kwa mantiki hiyo hiyo, ukitoka kula achari ya embe au kunywa ukwaju, sukutua maji na ungoje nusu saa kabla ya mswaki.

Doa jeupe ni habari nyingine. Kausha jino: likionekana jeupe la chaki, lisilong'aa, karibu na ufizi, mahali ambapo ukoga hukaa siku zote, jino limeanza kupoteza madini. Bado halijatoboka, na mara nyingi dawa ya meno yenye floraidi na kutoa ukoga kila siku hulisimamisha hapo. Tema povu, usilisukutue kwa maji mengi, iache floraidi ifanye kazi.

Na weupe ulioko shavuni au ubavuni mwa ulimi, usiotoka ukiufuta kwa tishu, si ukoga hata kidogo. Ukipita wiki mbili upo, nenda ukaonwe, na kama unakula tambuu, popoo au tumbaku usingoje hizo wiki mbili.

Jiwe nyuma ya meno ya chini

Ugaga hupenda mahali pawili: nyuma ya meno ya mbele ya chini, na upande wa shavu wa magego ya juu. Si bahati mbaya. Hapo ndipo milango ya tezi za mate inapofungukia, na mate ndiyo yanayoleta madini. Mtu msafi kabisa anaweza kuwa nao kwa sababu mate yake yana madini mengi.

Mswaki hautoi. Pini haitoi, ila itatoa kipande cha ufizi. Nimemwona mtu akijikwangua kwa ncha ya mkasi wa kucha mbele ya kioo cha kinyozi, Mungu amsitiri. Unahitaji kukwanguliwa na mtu wa meno, iwe kliniki ya binafsi au hospitali ya Makadara.

Wengi huogopa kwa sababu wamesikia kwamba kukwanguliwa hulegeza meno. Kinachotokea ni kwamba ugaga ulikuwa umejaza mapengo, na pengine ulikuwa ndio unaoyashikilia meno ambayo mfupa wake umeshaliwa. Ukiondolewa, ulimi unahisi nafasi mpya na meno husisimka na baridi siku chache. Ugonjwa ulikuwapo kabla, na ugaga ulikuwa umeufunika.

Damu kwenye mate

Ukiona damu, silika ni kuiacha sehemu hiyo ipone. Ni kinyume. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1965, mtafiti wa meno Harald Løe na wenzake huko Denmark waliwaomba watu wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Ndani ya wiki mbili hadi tatu wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudi kwenye mswaki, fizi zikapona kwa siku chache. Kwa hiyo endelea kusafisha panapotoka damu, kwa mswaki laini, na uzi. Ukianza uzi leo, siku za kwanza damu itatoka zaidi.

Ikipita wiki mbili haijapungua, usijitibu tena. Mjamzito, mwenye kisukari na anayemeza dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, waseme hivyo wakifika kwa daktari. Mvuta sigara asijipongeze kwa kutotoka damu. Sigara hubana mishipa na kuficha ugonjwa.

Harufu, na rangi haionyeshi kitu

Tazama ulimi, hasa nyuma. Ule utando mweupe ukwanguliwe kwa kijiko, kutoka nyuma kuja mbele, bila nguvu. Ramadhani mdomo hukauka mchana na harufu huzidi hata kwa mtu asiye na ukoga. Kipimo cha rangi nacho kifanye baada ya futari, usije ukameza tone ukaanza kuuliza masheikh.

Mtoto

Watoto hupenda rangi hii kuliko watu wazima, kwa hiyo ifanye mchezo: nani ana wekundu mdogo zaidi. Asiyeweza kutema asipewe. Chini ya miaka mitatu dawa ya meno iwe kiasi cha punje ya mchele, baada ya hapo kiasi cha mbaazi, na mpaka afike miaka saba hivi umalizie wewe, kwa sababu mkono wake bado haujui kona. Akiwa ametoka kula mabuyu, mpime siku nyingine, hamtajua rangi ni ya nani. Mstari mweusi mwembamba unaofuata ufizi kwenye meno ya mtoto huwatia mama hofu. Mara nyingi ni doa la aina fulani ya bakteria au dawa ya kuongeza damu, na huondolewa kliniki kwa dakika chache.

Nami nilijipima kila Alhamisi usiku kwa mwezi mzima, kwa mafuta ya kutosha midomoni. Wiki ya kwanza niliuhamisha mswaki mkono wa kushoto kwa ajili ya ile kona ya kulia, nikajichoma shavu mara mbili. Wiki ya tatu mstari ulikuwa umekatika vipande. Wiki ya nne ilibaki nukta moja, nyuma ya jino la chonge la chini, ndogo kama kichwa cha pini, na mpaka leo bado iko.